Mwenyekiti Ametia Sahihi, Jirani Hataki: Tamasha la Mtaa Linahitaji Kibali cha Nani?

BARUA

Ndugu Mshauri,

Mimi ni mkazi wa Ngamiani, Jijini Tanga, na ni katibu wa kamati iliyochaguliwa na wakazi wenzangu kuandaa tamasha la mtaa. Nia yetu ni kufunga kipande cha barabara kati ya njia panda mbili, Jumamosi na Jumapili, kuanzia mchana hadi usiku. Kutakuwa na ngoma, taarabu, mashindano ya bao, mbio za baiskeli za vijana, na meza za akina mama watakaouza pweza, mihogo, bajia, mkate wa kumimina na vinginevyo. Jukwaa tumepanga kuliweka kwenye kona, kwa sababu hapo ndipo penye nafasi ya watu wengi kusimama.

Mwenyekiti wetu wa mtaa amekwisha kutia sahihi na muhuri katika barua yetu, naye anasema hilo linatosha. Wajumbe kadhaa wanamuunga mkono kwa hoja kwamba kila wiki watu hufunga barabara kwa turubai la harusi au la msiba na hakuna anayedaiwa kibali. Mjumbe mmoja anashikilia kwamba bila barua ya Jiji na ya polisi tutazimiwa muziki watu wakiwa wamekwisha kukaa. Katikati ya ubishi huo amejitokeza kijana anayedai kuwa ana jamaa yake ofisini, na kwamba tukimpa shilingi laki mbili kibali kitatoka bila sisi kuhangaika.

Linaloninyima usingizi, hata hivyo, ni jambo jingine. Jukwaa litakuwa hatua chache tu kutoka dirisha la chumba cha mke wa mzee mmoja jirani yetu, ambaye alipatwa na kiharusi na sasa hatoki kitandani bila msaada. Nilikwenda kumweleza Babu mipango yetu. Nilimwamkia, akaniitikia marahaba, akanikaribisha barazani na kunisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema: "Mwanangu, mimi sina ugomvi na ngoma, nimezicheza hapahapa. Lakini muziki wenu wa siku hizi unatikisa vikombe kabatini. Mkiuweka hapo nitakwenda kwa watu wa mazingira." Nilipoifikisha habari hiyo kwenye kamati, wengine walisema mtu mmoja hawezi kuuzuia mtaa mzima, wakapendekeza tupige kura katika mkutano wa mtaa ili aone mwenyewe kwamba amezidiwa. Babu huyu alikuwa rafiki wa marehemu baba yangu, na mimi siwezi kusimama mbele ya mkutano nikahesabu mikono dhidi yake.

Ada za meza tumekwisha kupokea kutoka kwa akina mama kadhaa, na mwenye spika tumempa kianzio. Zimebaki wiki sita. Je, kibali hasa kinatolewa na nani? Je, Babu anaweza kutuzuia kisheria? Na huyu kijana wa laki mbili tumfanyeje?

Katibu wa Kamati,
Ngamiani, Tanga

JIBU

Ndugu Katibu,

Mwenyekiti wenu amefanya lililo lake, ila amelikuza kuliko lilivyo. Sahihi yake inathibitisha kwamba ninyi ni wakazi wa mtaa huo, kwamba shughuli yenu inafahamika na kwamba uongozi wa mtaa hauipingi. Haifungi barabara, hairuhusu muziki wa hadhara, wala haimlindi yeyote kati yenu iwapo mtu ataumia. Barua hiyo hiyo, ikiwa na muhuri wake, ndiyo mtakayoipitisha kwa afisa mtendaji wa mtaa na afisa mtendaji wa kata, ili ifike kwa Mkurugenzi wa Jiji ikiwa imebeba maoni ya kila ngazi. Anayeruka ngazi hizo na kwenda moja kwa moja makao makuu ya Jiji hurudishwa chini, na katika wiki sita hamna muda wa kupanda na kushuka.

Hoja ya turubai la harusi nimeisikia mara nyingi, na siidharau, kwa sababu inatokana na desturi ya kweli ya mji wetu. Lakini mwenye harusi anawaalika watu wake, na mwenye msiba anafikiwa na wanaomjua; shughuli ikiharibika, kila mtu anajua mlango wa kubisha. Ninyi mnaita umma. Mnakodisha meza, mnapokea fedha, mnaleta wasanii, na watakaokuja kutoka Makorora, Chumbageni na Raskazone hawamjui mwenye shughuli ni nani. Isitoshe, kuvumiliwa si sawa na kuruhusiwa: hata turubai la harusi, likiziba njia na jirani akalalamika, mwenye shughuli atatakiwa kujieleza.

Sasa nikujibu swali la kibali kinatolewa na nani. Hakuna ofisi moja inayotoa karatasi moja yenye kila kitu, na hapo ndipo kamati nyingi huchanganyikiwa. Barabara za ndani ya mji, ambazo si barabara kuu, zimo mikononi mwa Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, yaani TARURA, tangu wakala huo ulipoanzishwa mwaka 2017. Kwa hiyo ombi la kufunga kipande chenu litawahusu wao pamoja na askari wa usalama barabarani. Katika jambo hili mna bahati ambayo mitaa mingine haina. Ngamiani ilipimwa kwa mistari, barabara zake zinakwenda sambamba na kukatizana, na ukifunga kipande kimoja gari linazunguka kwa barabara ya pili bila kupotea. Chora ramani hiyo kwa mkono kwenye karatasi moja: kipande kinachofungwa, mishale ya njia mbadala, mahali pa bodaboda na bajaji kusubiri, na upande ambao gari la zimamoto au la wagonjwa litaingilia bila kugusa turubai wala meza. Afisa anayeona ramani hana haja ya kuja kuuliza maswali, na barua yenye ramani hukaa mezani muda mfupi kuliko barua yenye maneno matupu.

Polisi nao wana sheria yao. Sheria ya Jeshi la Polisi na Polisi Wasaidizi, Sura ya 322, inamtaka anayeandaa mkusanyiko au maandamano mahali pa hadhara kumpa mkuu wa polisi wa eneo taarifa ya maandishi si chini ya saa 48 kabla, akitaja mahali, muda na madhumuni. Kama mnakusudia kuizungusha ngoma mitaani kuita watu, andikeni na njia itakakopita. Saa 48 ni kiwango cha chini kabisa. Pelekeni taarifa yenu wiki tatu kabla, nakala yenu igongwe muhuri wa kupokelewa pale kituoni, na nakala hiyo ikae kwenye jalada lako wewe katibu, isikae kwa mwenyekiti wala kwa mwenye spika.

Kwa ngoma na taarabu, mtu wenu ni afisa utamaduni wa Jiji, ambaye atawaelekeza juu ya masharti ya Baraza la Sanaa la Taifa, BASATA, lililoundwa kwa Sheria Na. 23 ya mwaka 1984. Mwandikieni orodha ya wasanii na vikundi kama ilivyo, msifiche lolote. Nasema hivyo kwa sababu katika mkoa wetu kuna kamati zinazoandika "ngoma za asili" kwenye barua halafu usiku jukwaani ikapanda baikoko, ngoma ambayo imekwisha kuzua malalamiko ya maadili mara nyingi. Katika mtaa wenye madrasa na watoto, ujanja wa namna hiyo utawaharibia jina hata mwakani. Mkipiga nyimbo za watu wengine kwenye spika, kuna pia mirabaha, yaani malipo ya wenye nyimbo, chini ya Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, nalo liulizeni palepale.

Vyakula havina mzunguko mrefu. Afisa afya atataka kuona kwamba akina mama wamepimwa afya, kwamba kuna maji ya kunawa yanayotiririka, na kwamba taka zina pa kwenda. Mkumbuke kuwa mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku tangu Juni 1, 2019, kwa hiyo muuza bajia asije nayo. Choo ndicho kinachosahaulika: watu mia kadhaa wakinywa juisi ya miwa tangu saa 9 alasiri, saa 1 usiku watatafuta ukuta, na ukuta huo utakuwa wa jirani. Zungumzeni mapema na shule, na wenye nyumba walio tayari kufungua vyoo vyao kwa malipo kidogo, na mwandike majina ya sehemu hizo kwenye barua. Umeme msiuvute kutoka kwenye nguzo kwa ufundi wa vijana. Tumieni fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa huduma za nishati na maji, na kama ni jenereta, iwekwe mbali na madirisha na mbali na majiko ya pweza.

Hayo yote yanawezekana, na katibu makini atayamaliza. Nimeyaeleza kwa kifupi kwa sababu naona uzito wa barua yako uko kwa Babu.

Kisheria, Babu hana kura ya turufu. Hakuna sheria inayosema tamasha lisifanyike mpaka kila jirani aridhie, na ingekuwapo hakuna hata harusi ingechezwa Tanga. Lakini wajumbe wako wanakosea wanapodhani kwamba, kwa kuwa hana kura ya turufu, basi hana nguvu. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia kelele zinazovuka viwango, na kanuni zake za mwaka 2015 hazikuishia kwenye kelele. Zinahusu kelele na mitetemo. Zinatofautisha eneo la makazi na eneo la biashara au viwanda, na zinatofautisha mchana na usiku, usiku ukiwa na kiwango cha chini zaidi. Babu aliposema vikombe vinatikisika kabatini, pengine bila kukusudia alitaja kile hasa kinacholalamikiwa mbele ya Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, NEMC. Na lalamiko hilo haliondolewi na kibali cha Jiji. Mnaweza kuwa na mihuri yote niliyoitaja, na bado afisa akaja na kipimo chake akawaambia mpunguze au mzime.

Ndiyo maana nakusihi uizuie hiyo kura. Mkutano wa mtaa ni mahali pazuri pa kuamua kama tamasha liwepo, lifanyike siku gani, na fedha zitakazobaki ziende wapi. Haukuwekwa ili wenye afya wapige kura juu ya usingizi wa mgonjwa. Mkishinda mikono mia moja kwa mmoja, hamtakuwa mmepata ruhusa yoyote ambayo sheria inaitambua. Mtakuwa mmemwandalia Babu mashahidi mia kwamba mlijua hali ya mkewe na mkaendelea. Mbaya zaidi, mtakuwa mmemdhalilisha mzee mtaani kwake, na hilo halifutiki kwa mabaki ya pilau.

Nikisoma tena maneno yake, sioni mtu anayekataa tamasha. Alisema hana ugomvi na ngoma. Anakataa spika kubwa, kwenye kona ile, kwa siku mbili. Hayo ni mambo matatu, na yote matatu yamo mikononi mwenu.

La kwanza ni kona. Jukwaa lihamishiwe mwisho wa pili wa kipande chenu, spika zielekezwe barabarani na si ukutani, na kwenye kona ya Babu mpange michezo isiyo na kelele, yaani bao na meza za vyakula baridi. Nenda mwenyewe na fundi wa spika mchana mmoja kabla ya siku, awashe, nawe uingie ukaketi chumbani kwa Bibi kwa idhini yao, mlango ukiwa umefungwa, usikilize. Kama kikombe kinalia kwenye kisahani, punguzeni mpaka kitulie, kisha fundi aweke alama kwenye kitasa cha sauti. Alama hiyo ndiyo mpaka wa sauti kwa tamasha zima, hata msanii akilalamika. Hili litamridhisha Babu kuliko barua yoyote.

La pili ni saa. Naona anzeni saa 9 alasiri, mzime kabisa spika kuanzia adhana ya magharibi hadi watu watoke msikitini baada ya isha, kisha mwendelee mpaka saa 4 usiku na muishie hapo. Najua wajumbe watasema taarabu bila usiku si taarabu. Taarabu inayotaka kukesha ina kumbi zake. Ikiwa kweli mnataka bendi ya kukodi, spika zenye mabesi na umati wa jiji zima, basi ombeni kupeleka jukwaa hilo viwanja vya Tangamano, ambako mikutano ya hadhara hufanyika, na mtaani mbaki na ngoma, michezo na vyakula. Mimi binafsi ningeliacha jukwaa kubwa kabisa, kwa kuwa spika hizo ndizo zinazokula fedha nyingi zaidi na ndizo zinazowaletea maadui, wakati watu huja tamasha la mtaa kula, kuonana na kuwatazama watoto wao wakishindana.

La tatu ni siku. Mwaka wa kwanza fanyeni Jumamosi pekee. Jumapili mfagie barabara, mrudishe viti, mhesabu fedha mbele ya watu. Kamati iliyomaliza siku moja salama itasikilizwa mwakani ikiomba mbili. Na tazameni kalenda kabla ya kuitaja tarehe: msiangukie Ramadhani, wala siku za mitihani ya darasa la saba mwezi Septemba au ya kidato cha nne mwezi Novemba, kwa maana hapo mtapingwa na wazazi wote, si Babu peke yake.

Ukiwa na mapendekezo hayo matatu kwenye karatasi, rudi kwa Babu. Usiende na kamati nzima kama watu wanaokwenda kuposa. Nenda na mtu mzima mmoja anayemheshimu, pengine imamu au rika lake. Mweleze mlichobadilisha kabla ya kumwomba chochote. Muulize dawa za Bibi huwa saa ngapi na gari likihitajika usiku litapita wapi, kisha weka jibu lake kwenye ramani ile. Mwachie nambari ya simu ya mjumbe mmoja ambaye kazi yake siku hiyo ni kupokea simu za majirani tu na mwenye amri ya kumwambia fundi punguza. Akikubali, mwombe aandike mistari miwili na sahihi yake, nawe uiambatishe kwenye ombi la Jiji. Akikataa bado, andika ukweli huo kwenye barua yenu: kwamba jirani mmoja mwenye mgonjwa ana wasiwasi, na kwamba kamati imefanya hili na hili kuupunguza. Ofisi inayosoma hivyo inajua kwamba haitashtukizwa.

Nyumba nyingine zinazogusana na kipande hicho nazo zipitiwe, mlango kwa mlango, hasa zenye watoto wachanga na wafanyakazi wa zamu za usiku. Babu amesema kwa sababu ana ujasiri. Wapo ambao hawajasema.

Kuhusu kijana wa laki mbili: huyo ni kishoka. Ada halali ya Jiji hulipwa kwa namba ya kumbukumbu ya malipo ya Serikali, inayoletwa kwa jina la mlipaji na kuacha risiti. Hailipwi mkononi kibarazani. Karatasi atakayowaletea inaweza kuwa na muhuri mzuri kuliko wa kweli, na mtakaoulizwa siku polisi watakapoitazama ni ninyi, yeye hatakuwapo. Mwambieni kwamba kamati inakwenda yenyewe ofisini. Akiendelea kuwasumbua, au mtu yeyote wa ofisini akitaka chochote nje ya risiti, simu ya bure ya TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, ni 113.

Limebaki la fedha za akina mama, ambalo wewe umeligusa kwa mstari mmoja, nami nadhani wao wanaliwaza kila siku. Acheni kupokea ada mpya kuanzia leo. Kila aliyelipa apewe stakabadhi yenye kiasi, tarehe na sharti moja lililoandikwa wazi: kibali kisipotoka, fedha inarudi yote. Fedha hizo zisiguswe kwa ajili ya spika wala fulana, kwa kuwa fedha iliyokwisha kutumika hairudishwi kwa maelezo. Mwenye spika naye mjulisheni mapema kwamba saa zimepungua na huenda mkahitaji spika ndogo; kianzio kikibaki kwake kama malipo ya kazi ndogo zaidi, hamjapoteza kitu. Bango lenye tarehe lisichapishwe kabla majibu ya maandishi ya Jiji, ya TARURA na ya polisi hayajawa mikononi mwako. Siku kumi kabla ya tamasha, kama hata moja kati ya hayo halijafika, itisheni kikao jioni hiyohiyo, sogezeni tarehe mbele kwa mwezi mmoja, na anayetaka ada yake arudishiwe palepale kikaoni, mbele ya wenzake.